Mchele Usio na Mawe

Siku hizi kila jiko lina taa ya upotevu. Chochote kisichoongeza kitu kwenye chakula hukimulika kwa mwanga mwekundu, na asubuhi wakaguzi huja kukiondoa. Kwetu walikuja kuchukua ungo.

Mama mkwe wangu, Bi Nyamizi, alikuwa akichambua mchele kila jioni, ingawa mchele wa sasa hauna jiwe hata moja. Nilikuwa nakaa naye mkekani. Ni hapo nilipomwambia kuwa mimba yangu imetoka, wote tukiwa tumeinamia ungo.

"Mama, mchele huu ni safi," mkaguzi alimwambia kwa upole. "Unatafuta nini?"

"Natafuta cha kushika nikiongea na mkwe wangu, mwanangu."

Mkaguzi akaomba radhi, akaondoka na ungo.

Jioni hiyo wali uliwahi kuiva. Bi Nyamizi alikaa mkekani, mikono mapajani. Nilipogeuka, taa ilikuwa inammulika yeye.

Nilitoka mbio hadi uani, nikarudi na konzi ya mchanga, nikaumwaga kwenye sinia la mchele wa kesho.

"Mama," nikasema, "njoo tuchambue."

Akashika sinia. Taa ikazimika.