Pumzi Moja Kabla ya Kutua

Kontena lilishuka, likasimama hewani juu kidogo ya kimo cha mtu, likakaa hapo pumzi moja, ndipo likatua.

"Umekatwa pointi tena, baba," binti yake alisema.

"Waache wakate. Kukata ndiyo kazi yao."

Mzee alikuwa kwenye kochi, miguu peku, padi ya gemu mikononi. Kazini walimwita Pumzi. Tangu wakubwa wa yadi ya makontena wamwambie kreni yake inatengenezwa, akapumzike nyumbani mpaka aitwe, kofia yake ngumu ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila simu ikilia aliitazama kofia kwanza, ndipo aitazame simu.

Hapo ndipo binti alipoanza kumletea magemu. Alifanya kazi kwenye ofisi moja ya kompyuta. Ofisi gani hasa, mzee hakuuliza. Mtoto akishavaa kitambulisho shingoni, mzazi anatosheka.

"Upweke utakumaliza, baba. Cheza, halafu uniambie unaonaje."

Unaonaje. Miaka yote aliyokaa juu ya kreni hakuna mkubwa aliyewahi kumwuliza hivyo.

Basi akasema. La mpira hakulipenda: refa yuko ndani ya mashine, na timu pinzani ni hiyo hiyo mashine. "Hii ni kesi ya sisi wafanyakazi na kampuni, imevalishwa jezi tu." La magari alilicheza mara moja. Unagonga ukuta, gari linajikung'uta, safari inaendelea. "Aliyetunga hili ana dereva wa kumwendesha." La shamba lilimchekesha. Unagusa kwa kidole, mahindi yameota. "Na huyu naye ni mkubwa. Jembe analiona kwenye picha."

La vita ndilo lililomkera kuliko yote. Alipigwa risasi, akaanguka, na kabla hajakaa vizuri amefufuka na bunduki yake mkononi. Aliweka padi chini, akaenda jikoni kunywa maji, akakawia huko. Binti hakulileta tena.

Hili la makontena lilimkaa rohoni. Mwanzoni alilisema vibaya. "Upepo uko wapi? Mbona mzigo haubembei? Huyu hajawahi kupanda hata ngazi ya kubadilisha balbu." Binti akaandika kwenye simu. Wiki iliyofuata gemu likarudi na upepo. Mzee akasema kontena tupu halishuki sawa na lililojaa. Likarudi na uzito.

"Kumbe kuna watu wanasikia," alisema.

Binti yake aligeuka kutazama dirishani.

"Baba, huku kusimama kabla ya kutua. Wenye gemu wanaona unapoteza muda. Huwezi kuacha?"

"Unajua ni kwa ajili ya nani."

Alijua. Mama yake alikuwa mfagiaji wa yadi. Siku moja wakubwa walitaka malori yaondoke haraka, dereva mwingine akateremsha mzigo moja kwa moja kama alivyoamriwa, na mama alikuwa ameinama chini yake na ufagio. Wakubwa wakasema alisimama pasipomhusu. Wakaleta shada la maua, na aliyelibeba alikuwa hajui hata jina la marehemu. Tangu hapo Pumzi hakutua mzigo bila kuusimamisha kwanza, ili aliye chini, kama yupo, aone kivuli atoke. Wakubwa walifoka mpaka wakachoka.

"Siku nikiacha," alimwambia binti yake, "ujue hayuko tena hata mmoja anayemkumbuka mama yako pale."

Binti akasema, "Haya, baba. Cheza unavyocheza."

Akacheza. Akacheza asubuhi, akacheza baada ya kula, vidole vikarudia wepesi wake. Nitakapoitwa, alijiambia, watanikuta niko tayari. Halafu siku moja binti akaja kuichukua mashine ya gemu.

"Limekamilika, baba. Wamelipenda sana."

"Wasalimie. Waambie na mimi nimelipenda."

Nyumba ikarudia kimya chake. Mzee akaipangusa kofia vumbi, akairudisha msumarini.

Simu ilipolia alikuwa anaosha kikombe. Aliyepiga alikuwa mlinzi wa geti la yadi, rafiki yake wa siku nyingi.

"Pumzi, umekuwa mtu mkubwa siku hizi. Unarudi kazini, unanipita getini hata salamu hakuna?"

"Nani karudi? Niko nyumbani kwangu naosha vyombo."

"Acha utani wako, bwana. Kreni naiona hapa inafanya kazi. Kontena linasimama juu ya kimo cha mtu kwanza, ndipo litue. Yadi nzima hii nani mwingine anatua mzigo namna hiyo?"

Mzee alichukua kofia, akatoka na mikono ikiwa bado imelowa.

Getini mlinzi alimtazama, akatazama juu, akamtazama tena, kisha akamfungulia geti. Kontena la bluu lilikuwa linashuka. Upepo ulilisukuma, likabembea, likangoja litulie. Likashuka tena mpaka juu kidogo ya kimo cha mtu. Likasimama. Pumzi moja. Likatua.

Kule juu, vioo vya kibanda cha dereva vilikuwa vimesafishwa vizuri, na kiti kilikuwa kitupu.

Wakubwa walikuwa wamesimama kwenye mstari wa njano, kofia mpya vichwani, wanapiga makofi. Katikati yao alikuwepo mwanamke mwenye kitambulisho shingoni, amempa mzee mgongo. Mgongo huo mzee aliwahi kuubeba ukiwa na homa.

"Safi sana," mkubwa mmoja alisema. "Ila pale linaposimama kabla ya kutua, pale pana nini?"

"Kasoro ndogo tu," binti yake alijibu. "Mpaka Jumatatu tutakuwa tumeiondoa."