Kadi ya Msichana

Mwatime alijiandikisha katika darasa la Kihispania kwa sababu moja tu. Mumewe, aliyewahi kufanya kazi ng'ambo, alikuwa akijifungia chumbani kila asubuhi na kunong'ona kwenye simu kwa lugha hiyo.

Siku ya tatu wanafunzi walicheza mchezo wa kadi za familia. Mwalimu aliinua picha ya msichana.

"Mi hija," akasema, na darasa zima likarudia.

Mwatime hakurudia. Maneno hayo aliyasikia kila siku mlangoni.

"Mwalimu, ndivyo mtu anavyomwita mpenzi wake?"

"Hapana, dada. Maana yake binti yangu. Wa kumzaa."

Yeye alikuwa amejiandaa kupambana na hawara. Akaipokea kadi, akaanza kuichunguza pua ya yule msichana, kisha macho, akitafuta sura ya mumewe.