Vibao Viwili

Yule dada alikuwa anaimbia kaburi ambalo si lake, na mtu pekee aliyejua ni Sururu, kwa sababu kosa lenyewe alilifanya Sururu.

Alikuwa mchimba makaburi. Jina lake halisi hata wenzake hawakulijua. Sururu ndiyo iliyokuwa mkononi kutwa nzima, basi ikawa jina. Maneno hakuwa nayo mengi, na tangu mke wake afunge virago akarudi kwao, hata hayo machache yalipungua.

Kosa lilikuwa hivi. Miezi mitano nyuma, asubuhi moja, viliingia vijeneza viwili. Cha kwanza kilikuja na kanisa zima: mchungaji, kwaya, akina mama wa sare, na yule dada, fundi cherehani, ameshikwa makwapa huku na huku asianguke. Cha pili kilikuja na mwanaume mmoja tu. Hakuna wimbo, hakuna hata wa kusema amina. Vikalazwa bega kwa bega.

Pale majina hayaandikwi. Wafiwa wakishaondoka, mchimbaji anachomeka kibao cha bati chenye namba iliyo kwenye karatasi waliyopewa, basi. Siku hiyo macho ya Sururu hayakuwa yake. Cha huku akakichomeka kule, cha kule akakichomeka huku.

Aligundua baada ya siku mbili. Kubadilisha vibao ni kazi ya dakika moja. Lakini alipofika, yule dada alikuwa ameshakaa pale, karatasi yake ya namba mkononi, analia kilio cha kukata pumzi. Sururu akageuka akarudi alikotoka.

Tangu hapo dada akawa haji, anahamia. Kila mchana akitoka kwenye cherehani yake, na nyuzi zimemganda kwenye sketi, anakuja kukaa palepale. Kilio kikaanza kuchanganyika na nyimbo za kanisani. Halafu zikabaki nyimbo. Siku moja Sururu alimsikia anacheka peke yake na lile tuta la udongo, kama mtu na jirani yake. Mwili umemwisha, viatu vimelika upande, lakini usoni ana kitu ambacho Sururu hakuwa nacho hata cha kuazima.

"Dada, huchoki?" alimuuliza kwa mbali. Tangu siku ile alipomkuta analia, hakuwahi tena kuvuka bomba la maji kwenda upande ule.

"Nachoka sana, kaka. Nikichoka namwambia Yesu nimechoka. Ananibeba kidogo, ananishusha, natembea tena."

"Mwanao kafa. Alikuwa wapi huyo Yesu?"

"Namuuliza kila siku. Hajanijibu. Ila simwoni akiondoka."

Sururu akatema mate pembeni. Yeye alishaomba, wiki tatu mfululizo, mpaka magoti yakaota sugu. Hakujibiwa hata na mwangwi.

"Mzee, mstari ule majani yamefika kiunoni," Tope alimwambia. Tope alikuwa mwenzake wa kuchimba, ana mwezi tu kazini, na mdomo wake haukuwa na likizo. "Hupalilii kwa nini?"

"Palilia wewe."

"Mimi nina mistari sita! Au unamwogopa yule dada? Anaimba kuliko redio, na betri haziishi."

"Funga domo, chimba."

Kilichomla roho Sururu hakikuwa namba. Ni kwamba nyimbo zile zilikuwa za wizi. Mtoto wa yule dada amelala hatua mbili pembeni, mkavu, hana wa kumwimbia, na anayefaidi ni mwingine. Kila alipokusudia kusema, ulimi ulijikunja. Akisema, anamzimia yule dada taa ya mwisho aliyobaki nayo. Akisema, lile kaburi analokaa litarudi kuwa kimya. Hilo la pili lilimwuma zaidi, na alijichukia kwa kuumwa nalo.

Akanyamaza wiki. Akanyamaza mwezi.

Mpaka siku dada alipopita bombani kunawa mikono, uso unang'aa, akamwambia, "Leo mwanangu angetimiza miaka minne, kaka." Akaenda moja kwa moja kukaa palepale pasipo pake, akaanza kuimba.

Hapo Sururu akashindwa. Mtoto anatimiza miaka na mama yake kampa mgongo! Akatupa sururu chini. Akavuka bomba. Alipofika hakulitazama lile kaburi, alimtazama dada tu.

"Dada, nisamehe. Vibao nilivikosea mimi. Huyo si wako. Wako ni huyo hapo pembeni."

Alijiandaa kwa kofi. Alijiandaa kwa yowe, kwa mchungaji, kwa kufukuzwa kazi. Zaidi ya vyote alijiandaa kuiona ile nuru inatoka usoni, na ajue aliyeizima ni yeye.

Dada aling'oa jani moja, akalitupa.

"Najua, kaka. Mama atasahau alipomlaza mwanawe? Wangu namwimbia asubuhi, kabla hujaingia kazini."

Sururu akaligeukia lile tuta. "Sasa huyu..."

"Huyu hakuimbiwa." Dada alisogea, akampa nafasi ya kukaa. "Siku ile nilikuona. Umembeba kifuani mwenyewe, ukamchimbia mwenyewe, ukamfukia mwenyewe. Hebu niambie alikuwa anaitwa nani. Nimechoka kumwimbia mwanao bila jina."