Maji ya Tope

Asubuhi baada ya mlima kuporomoka, Mwinjilisti Elikana alimkuta Ndelwa, mtu aliyeukwepa mlango wa kanisa miaka yote, amebanwa na ukuta hadi kifuani.

“Nibatize, Mwinjilisti. Niko tayari.”

“Tukutoe kwanza, ndugu yangu.”

“Usinidanganye. Miguu siisikii tena.”

Elikana, aliyewahimiza watu kila Jumapili wajiweke tayari, alipiga magoti kando yake. Tangu mkewe afukiwe na tope usiku ule, hakuwa ameweza kusali hata neno moja. Alichota maji ya tope kwa kiganja, akammwagia kichwani, akataja Baba na Mwana. Sauti ikamkauka.

“Na Roho Mtakatifu,” Ndelwa akammalizia, kisha pumzi zikamkatika.

Tope likaendelea kumchuruzika usoni, na Elikana akabaki ameinua mkono.