Kisima cha Susu

Syombua alipiga magoti kwenye mchanga kando ya ziwa, akaanza kuchimba kwa mikono. Kesho wangeondoka kwenye kijiji hiki cha likizo cha bei nafuu, Uholanzi, naye angerudi kijijini kwake Ikutha. Kila siku alimwambia mjukuu wake, aliyemwita Susu, yaani bibi kwa lugha yao, "Kitendawili!" na mtoto hakujibu hata mara moja.

"Mama, watu wanatuangalia," mwanawe alinong'ona. "Maji si yale pale?"

"Waangalie! Susu wake haondoki kabla mtoto hajaona tunavyochimba maji kwenye mchanga wa mto uliokauka kiangazi."

Alichimba mpaka kiwiko kikazama. Mchanga ukawa mweusi, ukapoa chini ya kucha, na maji yakaanza kujikusanya.

Mtoto akaja, akachungulia.

"Kitendawili!" akasema Syombua, bila kuinua kichwa.

Mkono mdogo ukaingia shimoni.

"Tega, Susu."