Mbwa wa Siku Saba

Haya, kitegue: mgeni wangu wa siku saba, kisheria hana jina, nikimwita anakuja. Umeshindwa? Ni mbwa wa likizo. Huko Lushoto mbwa wote ni wa kuazimwa, na mbwa akipewa jina, hufutwa kumbukumbu anaporudishwa.

Bi Nakijwa alizunguka milimani na mbwa wake wiki nzima, akimwita Shekiondo, jina la marehemu mumewe.

“Shikamoo, mama. Ulimpa jina?” mlinzi alimuuliza getini siku ya kumrudisha.

“Marahaba.” Akajifanya anakaza kanga. Akikana, mbwa hatafutwa, na angalau kiumbe mmoja duniani atamkumbuka yeye.

“Kuna mbwa mmoja hatukumfuta,” mlinzi alisema. “Alilala hapa getini akimngoja mtu wake, chakula hataki, mpaka akafa.”

Mbwa akamwegemea Bi Nakijwa mguuni.

“Anaitwa Shekiondo,” Bi Nakijwa akajibu.