Jiwe Lililoanguka Pasipo na Watu

Rangi ya kijani haikutaka kutoka. Msuguaji alibadilisha msasa, akalibana jiwe lile la chuma kwenye meno ya jiliwa, akaendelea kusugua huku meno yameumana.

"Uchafu tu huo," alisema sonara, mwenye karakana. "Toa."

Haukuwa uchafu. Ilikuwa rangi ya bati la paa la kwao.

Jiwe hilo, kimondo kutoka angani, lilipasua bati hilo mchana mweupe, baba yake akiwa amejinyoosha kitandani baada ya zamu. Mzee hakuamka. Hata jirani hajaleta shuka la kumfunika, gari la serikali lilikuwa limeshafika. Mkuu wa waliokuja nalo alivaa glavu nyeupe. Jiwe alilibeba kama mtoto mchanga. Mwili wa mzee aliuruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Akasema linakwenda kuchunguzwa, litarudi.

Halikurudi. Mtaa ukaandamana, mbele yupo Kipaza, mchumba wa dada yake. Jina hilo alipewa na watoto, maana akifungua mdomo anasikika mpaka barabara kuu. Kipaza ndiye aliyedandia lile gari siku ile ili jiwe lisipotee njiani. Alirudi jioni shati limechanika, akasema wamemtupa getini. Tangu hapo mama alimwita mwanangu, na nyama ikipatikana, sahani yake ilipakuliwa kwanza.

"Mtu wa glavu ndiye mwizi wenu," Kipaza alikuwa akiwaambia. "Mkimwona, msimwachie."

Nyumbani waliamini msuguaji anachomelea madirisha. Angewaambia nini? Kwamba aliomba kazi kwa sonara, akalikuta jiwe mezani, na sasa anakula kwa kulikata vipande? Siku ya kwanza alitaka kuondoka. Alibaki kwa sababu moja tu: amjue aliyeliuza.

Sonara alikuwa na ulimi wa asali. Bwana harusi akiingia, anavutiwa kiti, anaambiwa dhahabu siku hizi hata kondakta anayo. Hii imetoka mbinguni, kaka, na mbinguni hakuna tawi la pili. Kisha pete inachovywa kwenye tindikali, na mistari inajitokeza juu ya chuma, imepishana kama ukili wa mkeka. Wateja wanashusha pumzi.

"Na haina mkosi," sonara humalizia. "Lilianguka mahali pasipo na watu."

Hapo msuguaji huinama zaidi. Pasipo na watu! Pana kamba za nguo, pana foleni ya choo, pana mama yake anayelala na taa kwa sababu anaogopa dari. Alizaliwa hapo, mahali pasipo na watu.

Siku moja sonara alimpa kipande cha mwisho. Hii ni ya mwenye jiwe mwenyewe, alisema. Alipoliuza alishikilia kwamba kipande kimoja kiwe pete yake, na sasa ndiyo anaoa.

"Ni mtu wa serikali?" msuguaji aliuliza.

Sonara alicheka. Kwake kila mteja ni mheshimiwa, alijibu, hata anayekopa.

Msuguaji hakuhitaji zaidi. Aliifanya pete hiyo vizuri kuliko zote, kwa chuki. Bwana yule siku hiyo angelazimika kuvua glavu na kuleta kidole kitupu. Akaomba yeye mwenyewe amvishe mteja. Sonara alikubali, ila akamwonya asimchoshe mteja kwa stori.

Mteja alikuja asubuhi ya jua kali. Kati ya duka na karakana kulikuwa na kidirisha tu, cha kupitishia vitu. Msuguaji aliona kifungo cha koti jipya na akasikia sonara akisifu kitambaa chake. Mteja alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu aliyezoea kufunga mikataba. Kisha mkono wa kushoto ukapita kidirishani, umelegea, ukisubiri.

Msuguaji aliivisha pete. Ilikaa sawasawa. Hakukiachia kidole. Alikibana mpaka ncha yake ikabadilika rangi.

"Baba yangu alikuwa amelala," alisema.

Mkono ulijaribu kurudi. Haukupata njia.

"Mlimruka. Mama yangu alikuwa anawatazama, mkamruka. Nataka nikuone uso, halafu nikupeleke ukamwambie yeye kwamba pale hapana watu."

 Sonara aliita jina la msuguaji kwa hasira, mara moja. Kisha koti jipya likakunjika, na mteja akainama taratibu hadi uso wake ukajaa kidirishani.

"Shemeji," Kipaza alinong'ona, "mama asijue."